Juzuu, hizbu, rukuu au manzili: usome Qur'ani kwa kipimo kipi?

Mtu akikuambia "leo nimesoma juzuu moja", yaani fungu moja kati ya 30 ya Qur'ani, amekutajia wingi wa alichosoma, hajakutajia alipoishia. Huenda aliishia katikati ya kisa, au mtu mmoja alipokuwa bado hajamjibu mwenzake, na yeye mwenyewe hakuliona hilo. Alama ya pambizoni ilimwambia asimame, akasimama.

Sura na aya zimo ndani ya Qur'ani yenyewe. Sura ni 114, na aya ni 6,236 kwa hesabu ya watu wa mji wa Kufa, Iraq, ambayo ndiyo inayofuatwa na misahafu ya riwaya (njia ya kusoma iliyopokewa) ya Hafs. Ukifungua msahafu wa riwaya ya Warsh utakuta hesabu ya 6,214. Usishtuke, hakuna aya iliyopotea. Tofauti ni pale inapohesabiwa kuwa aya moja imekatika na nyingine imeanza. Lakini juzuu, hizbu, rubu, rukuu na ukurasa ni vipimo vilivyowekwa na wasomaji na waandishi baadaye, kila kimoja kwa kazi yake. Kwa hiyo anayeuliza "kipi bora?" hana budi kwanza kusema anataka kufanya nini.

Kwa mwenye haraka, hivi ndivyo vinavyokaa ubavu kwa ubavu, kurasa zikiwa za msahafu wa Madina, ule wa kurasa 604 unaochapwa huko:

| Kipimo | Idadi | Ukubwa | Hukatwa kwa |
|---|---|---|---|
| Manzili | 7 | kurasa 72 hadi 105 | sura nzima |
| Juzuu | 30 | kurasa 20 hivi | urefu |
| Hizbu | 60 | kurasa 10 hivi | urefu |
| Rubu | 240 | kurasa mbili na nusu hivi | urefu |
| Rukuu | 558 | haina kiasi maalumu | maana |
| Ukurasa | 604 | mistari 15 | mwisho wa aya |

Juzuu: nzuri kwa kalenda, mbaya kwa maana

Nguvu ya juzuu ni hesabu yake. Siku 30, juzuu 30. Abdullah bin Amr bin al-As alipoulizwa na Mtume (s.a.w.) kuhusu kisomo chake, aliambiwa aisome Qur'ani kwa mwezi mmoja. Akasema anaweza zaidi, akapunguziwa siku hatua kwa hatua hadi saba, kisha akaambiwa asizidishe hapo. Mwezi ndio uliotajwa kwanza, na juzuu inaukata mwezi barabara. Katika msahafu wa Madina juzuu ni kurasa 20, isipokuwa ya kwanza yenye 21 na ya mwisho yenye 23. Ukisoma kurasa nne baada ya kila sala ya faradhi, juzuu ya siku imekwisha bila kutafuta saa ya ziada. Sijaona mpango mwepesi kuliko huo kwa mtu mwenye kazi.

Udhaifu wake unatokana na hesabu hiyohiyo. Kugawa huku kwa urefu hunasibishwa na zama za al-Hajjaj bin Yusuf, gavana wa Iraq aliyefariki mwaka 714, ambaye inasimuliwa aliwakusanya wasomaji wakahesabu herufi za Qur'ani na kutaja nusu yake, theluthi yake na robo yake. Nusu, walisema, iko kwenye neno "walyatalattaf" katika Suratul Kahf, aya ya 19, na ipo misahafu inayolichapa neno hilo kwa wino mwekundu. Anayehesabu herufi hana habari na nani anaongea.

Fungua juzuu ya tano. Inaanza Suratun Nisaa, aya ya 24: "Na wanawake wenye waume…" Na wanawake wenye waume wamefanyaje? Kitenzi kimebaki juzuu ya nne. Aya ya 23 ndiyo iliyoanza kwa "Mmeharamishiwa", ikataja mama, mabinti, madada, shangazi na wengineo, na orodha bado inaendelea. Msomaji wa juzuu ya tano anaanza na kiunganishi kisichounganisha kitu.

Au juzuu ya 16, aya ya 75 ya Suratul Kahf: "Akasema: Sikukuambia kwamba hutaweza kuvumilia ukiwa nami?" Musa ameuliza mwishoni mwa juzuu ya 15, na anayejibu, Khidhri, anajibu katika juzuu nyingine. Ya 27 nayo inaanza na Ibrahim akiwauliza wajumbe wamekuja kwa jambo gani, ilhali wageni hao waliingia nyumbani kwake aya sita nyuma yake, katika juzuu ya 26. Juzuu ya 22 ndiyo inayonikera zaidi. Wake wa Mtume wanaambiwa habari ya atakayefanya uovu katika aya ya 30 ya Suratul Ahzab, na habari ya atakayetii katika aya ya 31. Onyo limebaki upande huu, ahadi imeangukia upande wa pili.

Katika msahafu wa Madina, juzuu tisa tu kati ya 30 zinaanza na mwanzo wa sura. Ibn Taymiyya (1263–1328) alizungumzia jambo hili, akaona ule mgawanyo wa masahaba uliofuata sura nzima (manzili, tutaiona chini) ni bora kuliko huu wa kukata maneno yaliyoungana.

Je, tuiache juzuu? Hapana. Ninachosema ni kwamba tuichukulie kama mtu anavyochukulia kilomita. Kilomita inakwambia umetembea kiasi gani, haikwambii umefika kijiji gani. Ukifika alama ya juzuu na mazungumzo hayajaisha, soma aya chache zaidi, na kesho uanzie hapo.

Hizbu na rubu

Hizbu ni nusu ya juzuu, na rubu ni robo ya hizbu. Ndiyo ile nyota yenye pembe nane unayokutana nayo kila baada ya kurasa mbili na nusu hivi, ikiwa na maandishi pambizoni ya kukuambia umefika robo, nusu au robo tatu ya hizbu. Afrika ya Kaskazini na Magharibi, wanakosoma zaidi kwa Warsh, wamekwenda mbali zaidi wakaigawa hizbu mara nane, ikapatikana thumuni, 480 kwa jumla. Huko Morocco hizbu ni uradi wa msikiti: moja baada ya alfajiri, moja baada ya magharibi, watu wakisoma kwa sauti moja, na Qur'ani inakhitimishwa kila mwezi.

Mahali rubu inapong'ara ni katika tarawehe. Juzuu moja ina rubu nane. Imamu anayeswalisha rakaa nane na anataka kumaliza juzuu kila usiku hana haja ya karatasi wala kikokotoo: rakaa moja, rubu moja. Anayeswalisha rakaa 20 atumie ukurasa, kwa kuwa juzuu ina kurasa 20.

Kwa kuhifadhi, rubu ni mzigo wa saizi nzuri ya kurudia. Hizbu nzima ni nyingi kwa mwanafunzi mchanga, na ukurasa mmoja ni kidogo kwa aliyekwisha kukomaa. Ila rubu pia hukatwa kwa urefu, kwa hiyo lawama nilizoitupia juzuu zinaihusu nayo, tena mara nane kwa kila juzuu.

Rukuu: kipimo cha anayetaka kuelewa

Wasomaji wengi waliozoea msahafu wa Madina hawaijui rukuu, kwa sababu haimo humo. Iko kwenye misahafu ya Bara Hindi: herufi ain iliyoandikwa pambizoni na namba tatu, moja juu, moja kati, moja chini. Ya juu inataja hii ni rukuu ya ngapi katika sura, ya kati inataja rukuu hiyo ina aya ngapi, ya chini inataja ni ya ngapi katika juzuu. Jina lenyewe linasema kazi yake: hapa maneno yamefika kituo, imamu anaweza kurukuu. Hesabu mashuhuri ya zamani ni rukuu 540, yaani rakaa 20 kwa usiku 27. Misahafu inayochapwa sasa ina 558.

Tofauti inaonekana vizuri ukiziweka rubu na rukuu pamoja mwanzoni mwa Suratul Baqara. Rubu ya pili inaanzia aya ya 26, ya tatu inaanzia aya ya 44. Kwa hiyo rubu ya pili inaanza na mfano wa mbu, inapita kwenye kisa cha Adam, inaingia kwenye maneno wanayoambiwa Wana wa Israili kuanzia aya ya 40, kisha inawakata katikati, aya ya 43, kabla hawajaulizwa: "Je, mnawaamrisha watu mema na mnajisahau wenyewe?"

Sasa tazama rukuu. Ya kwanza, aya ya 1 hadi 7: wacha Mungu na waliokufuru. Ya pili, 8 hadi 20: wanafiki na mifano yao miwili, wa moto na wa mvua. Ya tatu, 21 hadi 29: wito kwa watu wote. Ya nne, 30 hadi 39: Adam, kutoka Malaika walipoambiwa kwamba atawekwa khalifa ardhini hadi kushuka na ahadi ya uwongofu. Ya tano, 40 hadi 46: mwito kwa Wana wa Israili, na lile swali la aya ya 44 limo ndani, mahali pake. Ukiifunga rukuu ya nne umekiweka kisa kizima mkononi. Unaweza kumsimulia mtu.

Kwa darasa la tafsiri, kwa wazazi wanaosoma na watoto na kusimama kueleza, kwa mtu anayesoma tarjuma na kutaka ujumbe mmoja kwa siku, sioni kipimo kinachoishinda rukuu.

Lakini usiifanye kuwa ratiba ya saa. Rukuu ya saba ya Al-Baqara ina aya mbili tu, ya 60 na ya 61. Sura fupi za mwisho kila moja ni rukuu moja, kwa hiyo Al-Kawthar yenye aya tatu inahesabiwa rukuu sawa na kisa kizima cha Adam. Ukiahidi rukuu tano kwa siku, siku nyingine utamaliza kabla hujatulia kitako, na nyingine utasoma muda mrefu.

Manzili: juma la hafidhi

Huu wa mafungu saba, moja kwa kila siku ya juma, ndio mgawanyo wenye mizizi ya zamani zaidi. Aws bin Hudhayfa aliwauliza masahaba wanaigawaje Qur'ani, wakamjibu: tatu, tano, saba, tisa, kumi na moja, kumi na tatu, na hizbu (hapa ni fungu tu, si ile nusu ya juzuu) ya Mufassal, yaani sura za mwisho. Hizo ni sura, Al-Fatiha ikiwa nje ya hesabu. Tatu za kwanza ni Al-Baqara, Aal Imran na An-Nisaa. Kisha tano kutoka Al-Maida, saba kutoka Yunus, tisa kutoka Al-Israa, kumi na moja kutoka Ash-Shuaraa, kumi na tatu kutoka As-Saffat, na zilizobaki kutoka Qaf hadi An-Nas.

Walimu wameyafunga mianzo hayo katika maneno mawili: "fami bishauqin", kinywa changu kina shauku. Fa ni Fatiha, mim ni Maida, ya ni Yunus, ba ni Bani Israil (jina jingine la Al-Israa), shin ni Shuaraa, waw ni Wassaffat, qaf ni Qaf. Ukiyashika maneno hayo huhitaji alama yoyote msahafuni.

Hakuna sura inayokatwa. Gharama yake ni uzito usiolingana: manzili ya kwanza ni kurasa 105, ya pili 102, ya tatu 74, ya nne 85, ya tano 79, ya sita 72, ya saba 87. Siku ya kwanza unabeba zaidi ya juzuu tano. Kwa hafidhi anayepitia alichokihifadhi asije akakisahau, hiyo ni riadha ya kawaida, na kuanza na siku nzito kunasaidia, maana ukivuka mbili za mwanzo zilizobaki ni nyepesi. Kwa anayesoma kwa kusitasita, manzili itamvunja moyo Jumatatu tu. Asijaribu. Na aliye na nguvu zaidi ya juma akumbuke hadithi nyingine ya Abdullah bin Amr, kwamba anayeimaliza Qur'ani chini ya siku tatu hakuielewa.

Ukurasa: mali ya macho

Msahafu unaochapwa na Kituo cha Mfalme Fahd, Madina, kilichofunguliwa 1984, kwa hati ya Uthman Taha, una kurasa 604 za mistari 15, na kila ukurasa unaishia na mwisho wa aya. Jambo hilo dogo limebadilisha uhifadhi. Anayehifadhi hakumbuki maneno peke yake, anakumbuka mahali. Ayatul Kursi ni aya ya tatu kwenye ukurasa wa 42. Aya ya deni, ndefu kuliko zote, imeujaza ukurasa wa 48 peke yake kutoka juu hadi chini. Ukimsikiliza hafidhi akikwama utamwona anafumba macho, anautafuta ukurasa.

Ndiyo sababu ushauri wa kila mwalimu wa hifdhi ni uleule: usibadilishe msahafu. Ipo ya mistari 13 yenye kurasa 848, na ya mistari 16 yenye kurasa 548. Zote ni nzuri, ila aya iliyokuwa juu kulia katika mmoja iko chini kushoto katika mwingine, na macho yanachanganyikiwa. Chagua mmoja kabla hujaanza na ufe nao.

Kwa hiyo, wewe?

Unataka kukhitimisha katika mwezi: juzuu, kwa kurasa nne kila sala, ukiruhusu kuvuka alama pale maneno yanapodai. Mwezi ukikushinda, hizbu moja kwa siku itakufikisha kwa siku 60, na rubu moja kwa siku 240, miezi minane hivi. Usidharau rubu, msomaji wa rubu moja asiyekosa siku humpita yule wa juzuu tatu za mwanzo wa Ramadhani aliyeishia hapohapo. Unataka kuelewa: rukuu, hata kama msahafu wako hauna alama zake, azima msahafu wa Bara Hindi, unakili mianzo kwa penseli kwenye wako. Unahifadhi: ukurasa kwa kuingiza kipya, rubu kwa kurudia, na manzili ukishamaliza. Mimi binafsi nasoma kwa juzuu na kusimama kwa rukuu, mchanganyiko usio na jina, na sijaujutia.

Tahadhari moja kwa wanaogawana khitma

Juzuu ya msahafu mmoja si lazima ianzie aya ileile katika mwingine, na "rubu" ya pambizo la Bara Hindi ni robo ya juzuu, mara mbili ya rubu ya Madina. Niliwahi kuwa katika kundi la watu 30, kila mmoja na juzuu yake, kila mmoja na msahafu wake. Tulipomaliza, mmoja wetu akakaa na orodha akaanza kuuliza nani alianzia wapi.

Juzuu ya 20 kwa msahafu wa Madina inaanzia aya ya 56 ya Suratun Naml, kwa wa Bara Hindi inaanzia ya 60. Ya 19 ilisomwa kwa wa Madina, ya 20 kwa wa Bara Hindi, kwa hiyo aya ya 56 hadi 59 hazikusomwa na yeyote. Juzuu ya 23 inaanzia aya ya 28 ya Yasin kwa Madina, ya 22 kwa Bara Hindi. Ya 22 ilisomwa kwa Bara Hindi na ya 23 kwa Madina, zikaanguka aya sita, pamoja na sehemu kubwa ya maneno ya yule mtu aliyekuja mbio kutoka pembe ya mji. Na kati ya juzuu ya 20 na ya 21, aya moja: ya 45 ya Suratul Ankabut. Wa kwanza aliishia ya 44, wa pili akaanzia ya 46. Aya yenyewe inaanza kwa amri, "Soma uliyofunuliwa katika Kitabu".

Tulizisoma zote kumi na moja palepale kabla ya dua. Tangu siku hiyo orodha zetu haziandiki "juzuu ya 21" tu; kila jina lina sura na aya ya kuanzia, na sura na aya ya kuishia.